Tukigandisha mbegu za matumbawe, mayai tutayatoa wapi?

Mfugaji wa ng'ombe huku Pwani hashangazwi na mbegu zilizogandishwa. Mtaalamu wa uhimilishaji huja na mtungi wa naitrojeni, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na ndama akazaliwa kwa fahali aliyekufa zamani. Mary Hagedorn wa taasisi ya Smithsonian, Marekani, amefanya vivyo hivyo kwa matumbawe, na tangu 2011 Australia inaweka akiba ya mbegu za kiume za matumbawe ya Great Barrier Reef, mwamba wake mkubwa wa matumbawe. Je, Mombasa nayo ifuate?

Wanaosema ndiyo huiita akiba hiyo bima ya mwamba, na wana hoja nzito. Joto la bahari la 1998 liliyapausha matumbawe yetu na mengi yakafa. Mwaka 2016 yakapauka tena, na 2024 vilevile. Kila linalokufa huondoka na urithi wake. Mbegu iliyogandishwa hudumu miaka mingi na husafiri: za Florida, Marekani, zimewahi kurutubisha mayai ya Curaçao, kisiwa cha Karibi, umbali ambao matumbawe yenyewe hayauvuki.

Lakini mbegu ni nusu tu ya uzazi. Yai la tumbawe ni kubwa, limejaa mafuta, na kuligandisha likabaki zima kumewasumbua sana wataalamu. Kwa hiyo siku mbegu zitakapotolewa mtungini, lazima pawe na tumbawe hai, la jamii ileile, linalotoa mayai usiku huohuo. Akiba inayosifiwa kuwa ni ya mwamba uliokufa inategemea mwamba ulio hai! Hapo ndipo siwezi kukubaliana na wanaoiita bima.

Tena kuna suala la kuvuna. Great Barrier Reef, matumbawe mengi huzaa pamoja, siku chache baada ya mwezi mpevu. Utafiti uliofanywa katika hifadhi ya bahari ya Mombasa ulionyesha yetu hayana miadi hiyo. Uzazi wake hutawanyika kwa miezi kadhaa. Kwetu ni kukesha majini msimu mzima, kwa boti, mafuta na wapiga mbizi.

Hata hivyo, mimi ningegandisha. Kugandisha yai kunaweza kusubiri ujuzi ukue, lakini tumbawe lililokufa halitoi mbegu tena. Tuanze na jamii chache za matawi, zinazotangulia kufa joto likipanda. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, pale Mkomani wafunzwe, mtungi ukae hapahapa Mombasa, na fedha zake zisikatwe kwenye doria ya hifadhi, maana mayai yenyewe yako huko.