Notisi kwanza au kesi kwanza? Mzozo wa milango isiyopitika Marekani

ADA, sheria ya Marekani inayokataza ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu, ilitiwa saini tarehe 26 Julai 1990. Kwa sheria hiyo mteja wa kiti cha magurudumu aliyekwama mlangoni pa mgahawa anaweza kumshtaki mwenye mgahawa bila hata barua ya onyo. Wafanyabiashara wanauita mtego. Mwaka 2018 Baraza la Wawakilishi lilipitisha, kwa kura 225 dhidi ya 192, muswada wa kumtaka mlalamikaji atoe notisi kwanza na mwenye jengo apewe muda wa kurekebisha. Seneti haikuupitisha, na hoja haijafa.

Wenye majengo wana la kusema. Vipimo ni vya milimita. Mlango uwe na uwazi wa 815. Katikati ya bakuli la choo pawe 405 hadi 455 kutoka ukuta wa pembeni, na bomba la kushikia liwe kati ya 840 na 915 kutoka sakafuni. Fundi akilisogeza bakuli sentimita tano kupisha bomba la maji taka, choo kimevunja sheria na mwenye nyumba hana habari. Maegesho ya watu wenye ulemavu nayo hayaruhusiwi kuinama zaidi ya 1 kwa 48. Lami ikiwekwa upya kwa haraka, kipimo hicho hupotea.

Sheria ya taifa haimpi mlalamikaji binafsi fidia. Hupata amri ya marekebisho na gharama za wakili. California ndiyo iliyoongeza fidia isiyopungua dola 4,000 kwa kila tukio. Kwa hiyo kioo cha chooni kilichotundikwa juu mno kinaweza kuleta fedha sawa na ngazi zinazomzuia mtu kabisa. Kesi za vioo ni rahisi kuandika kwa kunakili, mwenye duka hulipa ili yaishe, na wakati mwingine kioo hubaki palepale. Hapo malalamiko yao ni ya haki.

Hoja yao inapolegea ni kwenye umri wa sheria. Jengo lililoanza kutumika baada ya 26 Januari 1993 lilipaswa kujengwa sawasawa tangu msingi. Notisi ya nini tena? Jengo la zamani linadaiwa tu kuondoa vikwazo vinavyoondoleka bila taabu wala gharama kubwa. Piga hesabu ya ngazi tatu, jumla sentimita 45. Mteremko wa 1 kwa 12 unataka mita 5.4, na sehemu tambarare za mita 1.5 juu na chini: mita 8.4 kwa jumla. Kwenye duka lililopakana na njia ya waendao kwa miguu hazipatikani, na sheria hailazimishi yasiyowezekana. Lakini ngazi moja ya sentimita 15 inataka mita 1.8 za mteremko. Mlango uliobana kidogo hauhitaji kuvunjiwa ukuta: bawaba zinazoutoa mlango nje ya njia huongeza uwazi kama sentimita 4, sawa na unene wa mlango wenyewe. Biashara ndogo hurudishiwa kwenye kodi nusu ya gharama zilizo kati ya dola 250 na 10,250. Asiyefanya hata haya kwa zaidi ya miaka thelathini hakukosa notisi.

Kuna jambo watetezi wa notisi hawapendi kulitaja. Mwaka 2001, katika kesi ya Buckhannon, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mdaiwa akirekebisha kwa hiari kabla ya hukumu, wakili wa mlalamikaji hastahili gharama zake. Ongeza notisi ya lazima juu ya hapo, na hakuna wakili atakayegusa kesi ya ngazi isiyo na fidia. Mwenye jengo atangoja tu barua, na hiyo barua huenda isije kamwe.

Kenya iliijaribu njia ya notisi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, iliyofutwa na ile ya 2025, ilimpa mwenye jengo la umma miaka mitano, kisha Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu likaruhusiwa kumpelekea amri ya marekebisho. Hospitali na shule za serikali zilihitaji kwanza idhini ya waziri husika. Yaani majengo ambayo mtu hana budi kuyaingia ndiyo yaliyowekewa kinga.

Cha kuiga kiko California yenyewe, kwenye marekebisho ya 2016. Biashara ndogo iliyomwita mkaguzi aliyeidhinishwa kabla ya kushtakiwa ina siku 120 za kurekebisha bila kudaiwa kima kile cha chini cha fidia. Kwa makosa madogo, kama rangi ya maegesho iliyofifia, biashara ndogo zaidi ina siku 15. Zile siku 120 anazipata aliyeanza kujikagua mwenyewe, wakati muswada wa 2018 ungempa muda hata aliyekaa kimya hadi mteja alipokwama mlangoni.