Ukumbi wa watu themanini hautaki mitambo ya harusi

Ukitoka kwenye usiku wa bendi za roki hapa Dodoma masikio yakilia "nziii" na hukuambulia hata neno moja la mwimbaji, usiwalaumu wapigaji. Kosa lilifanyika siku mbili nyuma, mwandalizi alipowapigia watu wa mitambo, akaulizwa "shoo ya watu wangapi?", naye akatia chumvi. Jioni ikaja kirikuu imejaa sabufa za inchi 18, vyombo vya kupigia harusi kwenye turubai uwanjani, vikashushwa ndani ya chumba cha mita 7 kwa 12 chenye sakafu ya vigae, madirisha ya vioo na dari ya jipsamu.

Kigae na kioo havimezi sauti, vinairudisha. Neno la mwimbaji linafika sikioni mara ya kwanza kutoka kwenye spika, kisha linarudi kutoka ukuta wa nyuma, kisha kutoka darini, na lile linalofuata linalikuta la kwanza bado halijaondoka. Besi ina balaa lake. Noti ya hezi 50 ina wimbi la urefu wa karibu mita 7, yaani upana wote wa chumba hicho. Ndiyo maana mtu aliyekaa kona ya kaunta anatikiswa kifua, na aliyesimama mita mbili hivi kutoka ukutani anashangaa mpiga besi yuko wapi. Fundi naye, aliyewekwa hapohapo, anaongeza besi. Wa kaunta wanahama.

Kwenye ukumbi mdogo, dramu ndiyo kipimo cha kila kitu. Sinea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, ikigongwa na kijana mwenye damu ya moto inavuka desibeli 100 kwa aliye karibu, bila maiki wala umeme, na hakuna kitufe cha kuipunguza. Basi anza hapo: mpiga dramu apige wimbo mzito kuliko yote, wengine wakae kimya, mwandalizi asimame mlangoni asikilize. Kelele hiyo ndiyo sauti ya usiku ule. Gitaa linapandishwa mpaka liifikie, sio liipite. Besi vivyo hivyo. Mitambo inabaki na kazi moja kubwa, kubeba sauti za waimbaji, na kwa kazi hiyo spika mbili za inchi 12 juu ya stendi, zikipita vichwa vya watu, zinatosha. Ukitaka, weka maiki moja kwenye ngoma ya mguu. Anayeweka maiki nane kwenye dramu za chumba cha watu themanini anapamba picha za Instagram.

Wapiga gitaa ndio wagumu kuelewa. Amplifaya ya wati 100 haina sauti mara mbili ya ile ya wati 50. Tofauti yake ni desibeli 3, ambayo sikio linaiona kidogo tu. Ili usikike mara mbili unahitaji wati kama mara kumi. Kwa hiyo ya wati 15 hadi 30, hasa ya taa (ile ya valvu za kioo badala ya transista), inajaza ukumbi huu na chenji inabaki. Tatizo lenyewe ni mahali inapowekwa. Imekaa sakafuni, mwenyewe amesimama nusu mita mbele yake, na spika inamwimbia magotini. Hajisikii, anapandisha. Anapandisha tena. Sauti kali, zinazosafiri kama mshale, zinampita miguuni na kumchoma aliyekaa meza ya mbele. Chukua kreti la soda, lisimamishe, weka amplifaya juu, iinamishe kidogo kwa nyuma imtazame usoni. Atapunguza mwenyewe, bila kugombana na mtu.

Kuna wanaosema sauti ya gitaa iliyochafuliwa kwa distosheni ni kelele za kigeni, haziwezi kukaa Ugogoni. Hao wasikilize ilimba, ala ya Wagogo ya vijiti vya chuma, kwa makini. Sanduku lake lina matundu yaliyofunikwa utando wa buibui, kusudi kila noti itoke na mkwaruzo wake wa "zzz". Hukwe Zawose, mzaliwa wa mkoa huu, alizunguka dunia na sauti hiyo. Sikio la hapa linajua utamu wa noti yenye kutu, ila linataka noti yenyewe isikike chini ya kutu.

Mitambo kupiga mluzi nako kuna sababu, wala si mikosi. Maiki inasikia spika, spika inatoa ilichosikia maiki, mzunguko unajilisha wenyewe mpaka watu wanaziba masikio. Spika kuu zikae mbele ya mstari wa maiki, kamwe zisiwe nyuma yake. Monita, spika inayomrudishia mwimbaji sauti yake, iwekwe upande wa mkia wa maiki, kwa sababu maiki nyingi za kuimbia ni kiziwi huko nyuma. Na mwimbaji asikumbatie kichwa cha maiki kwa kiganja kama mwanahiphop wa kwenye video: ule ukiziwi unatokana na matundu yaliyo nyuma ya wavu, akiyaziba maiki inaanza kusikia pande zote, na mluzi unaanza sekunde hiyohiyo. Kwenye mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti, kata chini ya hezi 100 kwa kila maiki ya sauti. Waimbaji wachache sana wanafika huko, kilichojaa ni mguso wa mkono, vishindo vya jukwaa na besi iliyopotea njia.

Umeme ndio usiotaka mzaha. Soketi ya ampea 13 kwa volti 230 inabeba kama wati 3,000, na bendi nzima yenye vifaa vya kiasi tulichosema haifiki hapo. Kwa hiyo jukwaa na mikisa vitoke kwenye laini moja, arthi yao, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini, iwe moja, na ule mvumo wa "mmmm" utapungua sana. Laini hiyo isiwe ya friji la vinywaji. Kompresa ikiwaka spika zinapiga "tap", tena kila baada ya dakika chache, na daima kwenye wimbo wa polepole. Kuna mafundi wanaokata arthi ili kuua mvumo. Fundi wa hivyo arudishwe nyumbani. Amplifaya ikivuja na arthi haipo, nyuzi za gitaa zinakuwa na umeme, na mwimbaji anayepiga gitaa akigusa maiki kwa midomo ndiye anayefunga saketi. Kabla ya shoo, mita ya umeme iwekwe kwenye AC, ncha moja kwenye nyuzi, nyingine kwenye wavu wa maiki. Isome sifuri au karibu yake. Ikisoma makumi ya volti, hakuna anayeimba mpaka kosa lipatikane. Jenereta ya kVA 5 itoe kama kilowati 4 tu, ikae nje upande ambao upepo unapeleka moshi mbali, na mikisa ya kidijitali iwe na UPS yake ndogo, yaani betri ya akiba, maana umeme ukikatika na kurudi inachukua muda kuwaka tena wakati kila mtu anaitazama.

Bendi nne kwa usiku mmoja ni nyingi. Tatu, dakika 40 kila moja, seti moja ya dramu kwa wote. Kila mpiga dramu aje na sinea yake, matoazi yake na pedali ya mguu, basi, na kubadilishana kutamalizika ndani ya dakika 15. Kujaribu mitambo kuanzie kwa bendi ya mwisho na kuishia kwa ile itakayofungua, ili vyombo vyake vibaki vilivyo. Anza saa 1:30 usiku kweli, sio ya kwenye bango. Kanuni za kelele za mwaka 2015 zipo na watu wa mazingira serikalini wanazisimamia, na jirani wa mtaa wa Area D ana simu. Ijumaa waachie wenyewe: tangu treni ya SGR ianze kufika hapa 2024, watumishi kibao jioni hiyo wako njiani kwenda Dar. Alhamisi inajaa vizuri zaidi.

Mwezi wa saba, baridi ya usiku inapouma, magitaa yasiachwe ndani ya gari mpaka zamu ifike. Nyuzi zilizopoa zinapanda. Ukitune huko nje kisha ukaingia kwenye joto la watu themanini, zinashuka kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Yaingizwe nusu saa mapema, yatuniwe jukwaani. Na shuka la zamani lifunike mikisa tangu inaposhushwa hadi jaribio linapoanza, kwa sababu vumbi la Dodoma likishaingia kwenye vitufe, kila kimoja kitakwaruza ukikigusa, na cha mwimbaji ndicho kinachoguswa zaidi.