Maji ya Kumwaga

Naomba kwanza mtu yeyote asiiguse ile ndoo ya bluu pale mlangoni. Mnaiona? Ina maji. Si ya kuogea, si ya kufulia, na ya kunywa ndiyo kabisa usithubutu. Ni maji yaliyochemshwa kwa gesi yangu, yakatiwa chumvi yangu, halafu mtoto wa dada yangu, akiwa na akili zake timamu, akataka kuyamwaga kwenye karo. Nilimdaka mkono sufuria ikiwa imeshainama.

Lita tano. Nyie huko kwenu ndoo mnanunua shilingi ngapi? Basi, usinitajie. Tukianza hilo hatulali.

Huyu mpwa wangu yuko kwangu tangu mwezi uliopita. Anasoma chuo cha hoteli, amekuja Dar kufanya fildi, na dada yangu alinipigia simu akasema, "Kaka, mtoto wako huyo," kisha akakata kabla sijauliza nauli anatoa nani. Hoteli yenyewe iko huko upande wa baharini ambako daladala zinaogopa kufika. Haya, damu ni damu. Tatizo ni kwamba kila jioni anarudi na elimu.

Jumamosi iliyopita baba mkwe wangu alikuja kutoka Kondoa, ana kliniki ya macho. Mama watoto akataka kupika pilau. Mpwa wangu akasema, "Shangazi, leo niachieni jiko. Babu atakula spageti kama anazokula waziri hotelini." Mimi mwenyewe nikafurahi, mjinga mimi. Nikapewa karatasi ya vitu vya kununua nikaenda kwa Mangi.

"Mangi, una penne?"

Mangi akavuta boksi chini ya kaunta. "Ya bluu au nyeusi?"

Nikarudi nikamlaumu mtoto kwamba ananiaibisha dukani. Akaniambia, "Lakini mjomba, Mangi amepatia. Penne ni tambi fupi zenye tundu, na maana yake ni kalamu. Zile za zamani, za manyoya." Kwa hiyo Mangi anajua Kitaliano na mimi sijui. Tukabaki na spageti tu. Jibini nilitajiwa bei nikarudisha mkono mfukoni polepole, kama mtu aliyegusa nyoka.

Sasa njooni jikoni. Katika nyumba hii spageti ina utaratibu wake. Unachukua pakiti, unaigonga gotini, inakatika katikati, unaitia kwenye sufuria. Mpwa wangu aliponiona nimenyanyua goti alipiga ukelele majirani wakatoka. "Mjomba, haikatwi!" Kwani ni nywele za bibi harusi? Sufuria yangu ina kimo chake na spageti ina kimo chake, mmoja lazima ainame. Akasema itainama yenyewe ikiiva. Na kweli iliinama, huku kwa muda ncha zake zimetoka nje ya sufuria, zinatuangalia.

Halafu maji. Kila gramu mia za tambi, lita moja ya maji. Pakiti ya nusu kilo, lita tano, na kila lita gramu kumi za chumvi. Nikamwuliza, yakishachemka hayo maji yote yanakwenda wapi? Akajibu kwa utulivu wa daktari: kikombe kimoja tunatia kwenye mchuzi ili ushike, yanayobaki tunamwaga.

Tunamwaga.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Pangani. Tambi alizikaanga kwenye mafuta mpaka ziwe rangi ya kahawia, akatia maji ya kadiri, sukari, tui, iliki na zabibu tano za kuhesabu, akafunika. Maji yote yaliingia ndani ya tambi. Hakuna tone lililotoka mle chomboni kwenda kuishi maisha mengine. Ukifunua unakuta tambi zimekaa kwa adabu, kavu, moja moja, na harufu inawaita wasiofunga.

Nikamweleza mpwa wangu habari hiyo. Akasema, "Tambi za bibi kwao wanaita vermicelli, maana yake vijinyoo." Nilinyamaza. Utoto wangu wote wa Ramadhani ukanigeuka tumboni. Akaendelea, sikumwomba: kuna za vipepeo, kuna za visikio, kuna za vijilimi, na kuna nyingine jina lake ni mnyonga mapadri. Ni chakula hicho! Mtu anakaa mezani na mkewe na wanawe wanapakua mnyonga mapadri.

Na kila umbo lina mchuzi wake. Zenye matundu kwa mchuzi mzito, nyembamba kwa mchuzi mwepesi. Mama watoto alikuwa ameshaunga nyama yake ya kusaga, akaambiwa huko Bologna, mji wa Italia, nyama hiyo haiwekwi kwenye spageti, inawekwa kwenye tambi pana kama utepe. Na upana huo umeandikishwa. Sikilizeni hili: mwaka 1972 watu wa Bologna walipeleka kwenye chama chao cha wafanyabiashara kipande cha tambi cha dhahabu, kitunzwe pale kama kipimo. Ikishaiva iwe milimita 8. Mimi nina kiwanja Chanika, mwaka wa tisa huu, jirani kila msimu wa mvua anasogeza minazi yake kwangu na hakuna hata jiwe la mpaka la simenti. Wenzetu tambi ina hati.

"Na tunaitoa ikiwa al dente," akamalizia.

"Huyo Adenti naye anakuja kula?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Al dente ni kwenye jino, mjomba. Unaiepua kabla haijalainika, kati ibaki na kiini kidogo, ukiuma jino lisikie. Nikasema sawa. Kosa langu liko hapo.

Sasa mfikirieni baba mkwe. Kanzu nyeupe, kofia ya kufuma, ndevu zimechanwa. Mzee wa ugali wa uwele, miaka sabini na kitu, hajawahi kupandisha sauti maishani kwa sababu hajawahi kuhitaji. Mbele ya mzee huyu mimi nakohoa kwa zamu. Kanawishwa, kakaa mkekani, sinia ikaletwa. Akaitazama vizuri, kwa kuwa jicho moja lina mtoto wa jicho inambidi ageuze shingo kama kuku.

"Mboga nimeiona," akasema. "Ugali unakuja?"

Mama watoto akasema chini chini, "Baba, ndiyo chakula hicho."

"Ahaa. Bismillahi."

Akapeleka mkono. Akakusanya, akafinya, akaviringa, vidole vya mtu aliyeviringa matonge miaka sabini. Akafungua kiganja. Zikafumuka zote, moja moja, zikarudi kwenye sinia kama watoto waliosikia kengele. Akakusanya tena. Zikafumuka tena. Mara ya tatu hakutazama sinia, alinitazama mimi.

Mpwa wangu akakimbilia uma. "Babu, unachoma hapa, unazungusha hivi." Mzee akauchukua ule uma kama mtu aliyepewa bunduki ya jirani amshikie. Akachoma. Akazungusha. Akaendelea kuzungusha kwa sababu hakuna aliyemwambia mwisho wake. Upande wake mzima wa sinia ukaondoka, ukapanda juu kwa pamoja kama kiota cha mnana. Na yeye, kwa heshima ya wenyeji wake, hakurudisha chini kitu alichokwisha kukiinua. Akapeleka kinywani.

Kiota kiliingia. Nyuzi mbili hazikuingia. Zilitoka kwenye ndevu zikateremka mpaka kwenye sinia, zimekazika kama waya za nguzo. Mzee akataka kuzikata kwa meno.

"Usikate babu, vuta!"

Mwanangu, mzee akavuta. Nani alikutuma umwambie avute? Alivuta taratibu, macho ameyaelekeza mbele, na ule uzi unakuja tu, unakuja, hauna mwisho, mtu ungedhani ncha ya pili imefungwa Kibaha. Sote tumetulia. Mtoto wangu wa mwisho alishafungua mdomo kucheka, nikamtupia jicho akaumeza. Mimi nikaanza kuhesabu mabati ya dari. Mabati kumi na mbili, mawili yanavuja. Nikiwa kwenye la tisa nikasikia *fyap!* Ncha imefika. Imefika na mchuzi wake wote wa nyanya, ikapiga pua, ikapiga kofia, ikamalizia kwenye kanzu, kifuani, pale panapokaa medali.

Hakuna aliyepumua. Kisha akaanza kutafuna, na tukamsikia. Spageti unasikia ikitafunwa! *Kach, kach*, kama mbuzi kwenye mabua. Alimaliza kila kitu kilichokuwa kinywani, akanywa maji, akajipangusa kwa leso, akaniinamia sikioni ili wanangu wasisikie.

"Mwanangu. Gesi imeisha?"

"Hapana baba, ipo."

"Usione haya. Sisi ni watu wazima."

Mpwa wangu akadakia, hawa wa siku hizi hawajui pa kudakia: "Babu, ndivyo inavyotakiwa. Lazima kiini kibaki kigumu kidogo."

"Anayetaka ni nani?"

"Wataliano, babu."

"Wako wapi?"

"Kwao, Italia."

"Basi hawatuoni," mzee akasema. "Irudisheni jikoni."

Ikarudishwa. Mama watoto akawasha. Nasikia *fuuu*, *fu*, halafu kimya. Ule mtungi wa kilo sita, uliochemsha lita tano za maji ya kumwaga, ukakata roho hapo hapo. Na mzee, macho anayo mabovu lakini masikio Mungu amemwachia yote mawili. Akaingiza mkono ndani ya kanzu, akafungua fundo la kitambaa, akatoa noti ya elfu kumi, akaiweka juu ya mkeka mbele yangu.

"Kanunue mkaa. Huyu binti nilikupa, kwangu tulikuwa maskini. Lakini uji tuliivisha."

Jamani, nina miaka hamsini na mbili. Nimejenga vyumba viwili na sebule. Nimelipa mahari ya ng'ombe nikaongeza na baiskeli. Nimekuwa mweka hazina wa msiba mtaani mara tatu na hesabu ikatoka sawa! Leo Kondoa nzima itaambiwa kwamba mkwe wa Dar analisha watu tambi mbichi kwa kukosa gesi. Na nitajitetea vipi, niseme nilikuwa nayo ila nilichemshia maji? Gesi inapanda, maji yanakuja Jumanne kwa muda wa kuosha uso, sukari nayo ina wazimu wake, halafu ndani ya nyumba yangu mtu ananiambia kitu kigumu ndicho kizuri! Mbona maharage yakibaki magumu hamuyapi jina? Mbona wali wa kiini mpishi anarushiwa mwiko?

Na msiniambie sijatembea. Nilikuwa utingo wa lori, nimelala Eastleigh pale Nairobi majuma mawili tukisubiri mzigo. Wasomali walikaliwa na Mtaliano miaka na miaka, wakachukua tambi zake, wakaziita baasto, lakini walimfunza adabu. Inaletwa imeiva, na nyama, na ndizi mbivu pembeni. Unamega ndizi, unakamata baasto kwa mkono, ndizi ndiyo gundi, tonge linashika. Pale sikuona mtu akichapwa na chakula chake. Ndizi tu! Tena zilikuwepo, nyuma ya mlango, mkungu mzima. Nilikumbuka saa saba za usiku, nimelala chali.

Nilimweleza mpwa wangu asubuhi. Naye, badala ya kuomba radhi, akaniambia kwamba mwaka 1154 bwana mmoja Idrisi, Mwislamu, aliyemwandikia mfalme Roger wa Sisilia kitabu cha nchi za dunia, alitaja mji wa Trabia, huko huko Sisilia, ambako watu walitengeneza tambi zinaitwa itriya wakazipakia merikebuni kupeleka nchi za Waislamu na za Wakristo. Basi mbona hamtufundishi za Idrisi? Idrisi aliagiza tumwage maji? Hakunijibu, alikuwa anawahi daladala, na nauli nikatoa.

Lakini niliwaambia habari ya ndoo. Yale maji niliyoyaokoa nikayatia kwenye ndoo safi nikaweka uani, nikisema yatapata kazi. Alfajiri nasikia kata inagonga ndoo. Mzee ameamka kutawadha. Giza, na jicho lile. Nikasema nimwambie, nisimwambie, kufikia hapo ameshasukutua.

"Baba Shani!" Hajawahi kuniita kwa sauti ile.

"Labeka baba."

"Maji haya mmeyapikia nini?"

Nikamweleza. Akakaa kimya muda mrefu, mikono ameiinua, inateleza kwa wanga. Akasema maji yaliyobadilika ladha na rangi kwa kupikiwa kitu hayafai udhu, hilo hata mtoto wa madrasa analijua, nimletee mengine. Kwa hiyo nikafungua ndoo ya maji masafi, yale ya kununua, ya kunywa, mzee akaanza upya, na safari hii akayatumia kwa raha zake kwa kuwa ilibidi kwanza atoe ile gundi kwenye ndevu.

Elfu kumi msiniulize. Mkaa ulinunuliwa, chenji mama watoto anayo, nami sina mpango wa kuidai.

Ila kuyamwaga siyamwagi. Jirani pale nyuma anafuga bata, kasafiri, anarudi Ijumaa. Wanga ule ni chakula kabisa, anipe hata yai moja moja kwa lita. Kinachonisumbua ni ile chumvi. Hivi bata anaruhusiwa chumvi?