Kamera mbili, wanafunzi 40

Wanaopinga vyuo vya habari kufundisha kuripoti kwa simu wana hoja. Kituo cha televisheni kitampa kijana kamera yenye lenzi ya kuvuta, na asipoizoea chuoni ataenda kujifunzia kazini. Kwenye jukwaa la uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, simu haikuletei uso wa mfungaji. Ukivuta kwa vidole, picha inachakaa. Tena simu za wanafunzi hazilingani.

Sasa tupige hesabu. Darasa lina watu 40, kamera mbili, kipindi cha saa mbili. Kila kamera inapokezanwa na watu 20, yaani dakika sita kwa mtu. Humo humo afunge stendi, arekebishe rangi nyeupe, apime sauti, ndipo arekodi. Kipindi kikiwa kimoja kwa wiki na muhula ukawa wiki 15, anaishika kamera dakika 90: mechi moja ya mpira, bila nyongeza. Na wa mwisho kwenye foleni anaikuta betri inapepesa. Huyo ndiye tunayesema amesomea kamera?

Kwa simu, saa mbili hizo hizo zinatosha wote 40 kwenda soko la Kilombero na kurudi kila mmoja na kosa lake. Kosa kubwa ni sauti. Muuza nyanya anaongea, nyuma yake spika ya matangazo na bodaboda. Simu ikiwa mita mbili, maneno yake yanazama. Sogea mpaka nusu mita, au mbane maiki kwenye nguo. Ila kwanza hesabu pete za pini, yaani vile vimistari vinavyoizunguka ncha ya waya wa maiki: tatu ni ya simu, mbili ni ya kamera. Ya pete mbili ukiichomeka bila kiunganishi, simu nyingi zinaendelea kutumia maiki yake yenyewe, wala skrini haisemi kitu. Rekodi sekunde 10 huku ukiikwaruza maiki kwa ukucha, kisha sikiliza. Mkwaruzo usiposikika kwa nguvu, maiki haifanyi kazi.

Ofisini chini ya taa za tyubu picha inatambaa mistari: umeme wetu ni hezi 50, simu nyingi zimepangwa fremu, yaani picha, 30 kwa sekunde. Weka fremu 25 na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, sekunde 1/50. Kama simu ina 30 tu, shata 1/100 inaokoa. Mambo haya ni yale yale kwenye kamera kubwa, tofauti ni kwamba huku mwanafunzi amepata nafasi ya kuyakosea.

Panapolegea upande huu ni usiri, na wapinzani hawapataji. Simu iliyorekodi mfanyakazi wa hoteli akimlalamikia mwajiri wake, jioni inachezewa gemu na mdogo mtu, huku video ikijipakia yenyewe mtandaoni. Zima upakiaji huo kabla ya mahojiano, hamishia faili kwenye diski ya chuo, futa, kisha futa tena kwenye kapu la vilivyofutwa, maana kwenye simu nyingi vinakaa humo siku 30.