Wajukuu wa maharamia na tochi ya serikali

Jamani nina jambo limenikaa kooni tangu nirudi Orkney, visiwa vya kaskazini mwa Uskoti, na najua nikilisema kuna watu watanishukia lakini acha niseme tu. Ni tochi. Tochi ya plastiki ya kawaida, ya kutia betri, wala si ya bei kubwa.

Kuna kilima kinaitwa Cuween, juu ya kijiji cha Finstown, na ndani ya kilima kile kuna kaburi la mawe la miaka kama 5,000. Mlinzi hakuna, dirisha la tiketi hakuna, kijana wa kukukimbilia na "karibu bosi" hakuna. Unaacha gari chini, unapanda na upepo unakusukuma, ukifika juu unaona kilango kidogo ubavuni mwa kilima na pembeni pana boksi, ndani ya boksi mna tochi. Basi unachukua, unapiga magoti, unatambaa kwenye njia nyembamba matope yote yanaishia kwenye suruali, halafu ghafla unaweza kusimama wima, unamulika. Mawe bapa juu ya mawe bapa, bila saruji bila chokaa, yanapanda mpaka yanakaribia kukutana, na vyumba vinne vya pembeni. Walipochimba mwaka 1901 walikuta mifupa ya watu wasiopungua wanane na mafuvu ya mbwa 24. Nikamsomea mke wangu hiyo ya mbwa, akatoka na tochi akaniacha gizani.

Ukimaliza unairudisha kwenye boksi unaenda zako. Ndiyo hivyo tu. Na betri zilikuwa nzima!

Hizo betri ndizo zilizonichafua roho. Sisi tuliozoea kalamu ya benki yenye kamba, kikombe cha mtungini chenye mnyororo, taa ya sola ya barabarani inayopandiwa usiku ikashushwa betri, kibao cha chuma kinachoenda kwenye vyuma chakavu kabla rangi haijakauka, tunaelewana, sihitaji kuendelea. Nimesimama pale juu nakodolea boksi macho kama dakika tano, mke wangu anauliza umepoteza nini.

Sasa ninyi mnaoanza kuandika "huyu kashakuwa mzungu", ngojeni kidogo. Mjini ninakoishi huku huku Uskoti nimeibiwa baiskeli, ilikuwa na kufuli mbili, nikaenda kuripoti nikapewa namba ya kesi na pole, mpaka leo. Sijasema wazungu malaika. Wala sijasema Orkney ni peponi, miti hakuna, upepo unakupiga makofi mwezi wa sita, feri kutoka Aberdeen inakutema mji wao wa Kirkwall karibu saa tano usiku na bado kuna mwanga mbinguni, isha huelewi uiswali saa ngapi, na chai moja na kipande cha keki kwa bei yake Tanga ungelisha wageni. Nimelalamika safari nzima, muulizeni mke wangu.

Halafu hao wenyewe ni wajukuu wa nani? Wa Viking, mabaharia wa zamani kutoka Skandinavia. Maharamia kabisa. Mmoja wao anaitwa Svein Asleifarson, wa karne ya 12, alikaa kisiwa cha Gairsay, na masimulizi ya zamani ya visiwa hivyo yanasema huyu bwana alikuwa na ratiba: anapanda mbegu zake, akimaliza anaondoka na wanaume wake kwenda kupora Ireland na visiwa vya magharibi, anarudi kati ya mwaka kuvuna, akishaweka ghalani anatoka tena kupora mpaka baridi ianze. Wizi wa msimu wa kwanza na wizi wa msimu wa pili! Na alikuwa mtu wa heshima zake, alilisha watu 80 nyumbani kwake. Kwa hiyo yule anayependa kusema uaminifu uko kwenye damu ya wenzetu, damu yenyewe ndiyo hiyo.

Na ushahidi wameuacha wenyewe kwa maandishi. Kuna kaburi lingine kubwa linaitwa Maeshowe, hilo lina muongozaji na basi la kukupeleka, unaingia umeinama njia ya kama mita kumi, na lilijengwa kwa hesabu kwamba siku zile fupi za Desemba jua likizama linapenya njia yote mpaka ukuta wa nyuma. Katikati ya miaka ya 1100 watu wa Viking walilivunja wakaingia wakachora ukutani, maandishi kama 30 kwa herufi zao za mistari. Usidhani ni hekima. Mmoja anajisifu ameandika juu kuliko wenzake. Mwingine anasema Ingigerth ndiye mrembo kuliko wote, na karibu yake pamechorwa mbwa anayetokwa na ute. Wengine wanapiga stori za hazina iliyobebwa. Yaani ni yale yale ya "Juma alifika hapa 2009" kwenye kuta zetu, tofauti yao ni kwamba sasa tunalipa tiketi kuyasoma. Mimi nilicheka peke yangu mle ndani, mzungu mmoja akaniangalia vibaya.

Basi nikarudi nyumbani nikaweka picha ya boksi la tochi kwenye grupu la familia. Weee.

Binamu yangu wa kwanza: "Wako wachache, kila mtu anamjua mwenzake." Kweli, Orkney nzima ina watu kama 22,000, kuna kata moja Dar inawameza wote na nafasi ikabaki. Lakini kiangazi meli za kitalii zinamwaga maelfu ya watu pale Kirkwall, watu ambao hawajulikani na yeyote, nao wanapanda kilima na tochi wanaiacha. Na Kilwa Kisiwani si kisiwa? Wote hawajuani pale?

Wa pili: "Wameshiba hao." Hapa nasimama naye nusu. Njaa ni njaa, mtu akiuza tochi anunue unga sina la kumwambia. Ila anayeshusha betri ya taa ya barabarani, ndugu zangu, ana ngazi, ana spana, ana mtu wa kumpigia mwanga, na ana mnunuzi anayesubiri na pikapu. Huyo hana njaa, huyo ana mtaji.

Wa tatu, shangazi, akamaliza kabisa: "Sisi Waislamu ndio wenye uaminifu, hao wamejifunza kwetu." Shangazi nakuheshimu, shikamoo, lakini kandambili zangu msikitini zimekwenda na nani?

Ila shangazi kuna mahali kanipata, na hapo ndipo nilipoanza kufikiri vizuri. Adhuhuri ikiadhiniwa Ngamiani, pale Tanga mjini, muuza duka analaza ufagio mlangoni au anaweka kiti, anakwenda zake kuswali. Mchele uko wazi, sukari iko wazi, soda ziko wazi, na mtoto akija na hela anakaa chini anasubiri. Hakuna anayeruka kile kiti. Huo uaminifu nimekua nao, na mtu wa Ulaya ukimwonyesha naye atasimama pale anakodoa macho kama mimi. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba hatuna. Tunao, na tunao mwingi. Swali ni kwa nini unaishia kwenye kiti cha duka.

Mimi nasema ni kwa sababu kile kiti kina mwenyewe. Taa ya barabarani ni ya serikali, na cha serikali maana yake hakina mwenyewe, basi wa kwanza kufika ndiye mwenyewe. Sasa ile tochi ya Cuween nayo ni ya serikali! Lile kaburi liko chini ya idara yao ya mambo ya kale. Nikamuuliza mama mwenye nyumba tuliyopanga, hivi betri nani anabadilisha? Akaniangalia kama nimemuuliza nani anafagia uwanja wake. Akasema ikififia mtu anapiga simu, au anabeba zake akipanda, kwani wanaenda pale na watoto, na mbwa, Jumapili wakishakula. Yeye kaingia mle ndani tangu yuko shule ya msingi.

Nikaelewa. Wale wanalitumia kaburi lao. Sisemi kufanya ibada, ni kwenda tu, kupeleka mgeni, kupeleka mchumba, kumtisha mdogo wako na mafuvu ya mbwa.

Na si kwamba walizaliwa hivyo, wana kisa chao. Karibu na mawe marefu ya kale ya Stenness, pale pale Orkney, palikuwa na jiwe moja lenye tundu, Jiwe la Odin, wapenzi walikuwa wanashikana mikono kupitia lile tundu wakaapa, na kiapo hicho hakivunjwi. Desemba 1814 mkulima aliyekodi lile shamba, mtu wa kuja, akachoka na watu kukatiza shamba lake, akalipasua. Akaangusha na jiwe jingine. Wenyeji walitaka kumchomea nyumba. Nimeipenda hiyo, samahani, najua si tabia njema. Hawakumkasirikia kwa sababu ya kibao cha "marufuku", kibao hakikuwepo. Walikasirika kwa sababu viapo vyao vilikuwa mle.

Tena angalieni, mawe yale hayakujengwa na babu zao wanaowajua. Viking wenyewe walikuja wakayakuta yameshazeeka zaidi ya miaka 3,000. Na visiwa vyenyewe vilikuwa mali ya mfalme wa Denmark na Norway mpaka 1468, akawa anamwoza binti yake Margaret kwa mfalme wa Uskoti, pesa ya kumtoa binti hakuwa nayo, akaviweka Orkney rehani na mwaka uliofuata akaongeza Shetland, hakuvikomboa mpaka leo. Kwa hiyo wenyeji wa pale ukiwauliza asili utapata majibu matano. Na hakuna anayewaambia Skara Brae si yenu! Kile kijiji cha miaka ya 3100 kabla ya Kristo, dhoruba ya 1850 ilipokifunua mchanga, kina vitanda vya mawe na makabati ya mawe yanakutazama ukiingia mlangoni, mwalimu anawaambia watoto "hawa watu wetu walikuwa wanapanga vyombo hapa". Watu wetu. Basi.

Sisi je? Sisi tuliambiwa miaka na miaka kwamba magofu ya pwani walijenga Waajemi na Waarabu, sisi tulikuwa tunapita tu. Nimesoma hivyo, nimejibu hivyo kwenye mtihani, nikapata tiki. Halafu miaka ya 1980 wakachimba Shanga kule visiwa vya Lamu, wakakuta msikiti chini ya msikiti chini ya msikiti, wa kwanza kabisa wa miti na udongo, ukakua na wenyeji wake taratibu mpaka ukawa wa mawe. Hiyo nani alituletea darasani? Kilwa iliingia urithi wa dunia mwaka 1981, Orkney wakaingia 1999, tumewatangulia miaka 18 hawa! Ibn Battuta, yule msafiri Mwarabu wa kutoka Moroko, kaja Kilwa 1331 akausifu mji kwa uzuri. Na mwaka 2004 tukawekwa orodha ya hatari, ikabidi wafadhili waje, tukatolewa 2014. Mambo ya kujivuna na kuona aibu kwenye aya moja, ndiyo sisi.

Tongoni ndiyo inayoniuma zaidi kwa sababu ni nyumbani. Ukienda barabara ya Pangani, msikiti wa zamani na makaburi kama 40, mengine ya nguzo. Tazama zile nguzo na kuta kwa karibu, utaona vitundu vya mviringo vimezama kwenye chokaa, safi, kingo zake bado laini. Hapo palikuwa na bakuli na sahani kutoka China, walizipachika kupamba kaburi la mtu wao. Zimeng'olewa. Na kabla hamjasema "unaona, Waswahili", kumbukeni wageni wenye kofia za jua na daftari nao wamepita pale zamani, sahani za pwani yetu zimejaa kwenye makabati ya vioo ya watu. Kila mmoja kachukua chake kwa sababu kila mmoja kaamini wafu wale hawana ndugu.

Na yule mmoja lazima atokee, ninamjua mpaka jina lake la mtandaoni: "Kama unapenda sana mawe rudi ukayalinde mwenyewe, sisi tunatafuta maji na umeme." Kaka, sijaomba mlinzi. Mlinzi tunaye, analipwa kiduchu na anafanya kazi peke yake siku nzima. Wala sijaomba bajeti. Ninauliza kitu kidogo sana na ninawauliza watu wa Tanga hasa, maana wa bara mtajifanya mko mbali: nani kati yenu ameshafika Tongoni bila kupelekwa na shule? Daladala inafika, nauli mnaijua, haizidi chipsi mayai. Mbona Jumapili mnajaa Raskazone kupiga picha na bahari ile ile? Msinijibu kuhusu mimi na baridi yangu na pasipoti yangu, hiyo tumeshaizoea. Nijibuni hilo, na aliyekwenda aweke picha.