Huku Norwei "ei" inapotea na hakuna anayezomewa

Mimi mtoto wa Tanga, huu mwaka wa saba niko Oslo, nafanya kazi chekechea. Juzi mtoto wa miaka minne kaniomba nimsomee "en bok til", yani kitabu kingine, dakika mbili mbele kimemdondokea nyuma ya kochi analia "boka! boka!", yani kile kitabu. Mwenzangu kazini, mama wa makamo kutoka Gudbrandsdalen, bonde la huku huku Norwei, akaniambia kwao lazima useme "ei bok", maana kitabu ni neno la kike, na "ei" ndo ya kike, "en" ni ya kiume.

Ndo nikaelewa kinachoendelea. Zamani lugha za huku zilikuwa na jinsia tatu za maneno, kiume, kike, na isiyo huku wala kule. Iceland wamezishika zote mpaka leo, ila Kiswidi na Kidenishi cha kawaida kiume na kike vilishaungana zamani, zimebaki mbili. Bergen nako, mji wa pwani wa huku Norwei, kike hakuna, wengi wanasema ni Wajerumani wa Hansa, ule umoja wa wafanyabiashara wa zamani, waliojaa pale bandarini karne na karne, watu wakichanganyika lugha nayo inalika pembeni. Sasa Oslo ni zamu yao, watoto wanaacha "ei" lakini ule mkia wa kike wa -a wameung'ang'ania, ndo maana "en bok" halafu "boka", nusu imeondoka nusu imebaki.

Na sisi tunayo hiyo hiyo jamani! Tunasema "rafiki yangu amekuja", yangu iko kwenye ngeli yake ya zamani, amekuja iko kwa watu, na hakuna anayeshtuka. Ila Mnairobi akisema "kitabu yangu" au Mkongo akisema "bantu mingi", yani watu wengi, tunamwambia hajui Kiswahili.

Huku mtu anaongea lahaja ya kwao mpaka kwenye televisheni. Bunge lao tangu 1878 liliamua watoto wa shule wafundishwe kadiri inavyowezekana kwa lugha wanayoongea wenyewe. Kuandika ni kitu kingine, kwenye Nynorsk, moja ya namna mbili rasmi za kuandika Kinorwei, jinsia tatu bado ni lazima, na mimi sisemi insha zetu zisisahihishwe, zisahihishwe kabisa. Nachosema ni mdomo wa mtu.

Darasa la tano tulikuwa na mwenzetu kahamia kutoka bara, kila akisema "kitabu yangu" darasa zima linamzomea, na mimi nikiwemo, mwalimu anacheka. Kufika muhula wa pili alikuwa hanyooshi tena kidole, hata swali la hesabu ambalo jibu tunaliona limeandikwa kwenye daftari lake.