Gredi ya 7 Ibaki, Gredi ya 9 Isogee

Januari 2023, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 7 nchini Kenya waliingia sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, bila kuhama shule. Awali haikupangwa hivyo. Enzi za Waziri wa Elimu George Magoha, serikali ilijenga madarasa ya CBC, mtaala mpya wa umilisi, katika shule za sekondari ili kuwapokea. Kisha jopokazi la Rais lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu likapendekeza wabaki katika shule za msingi. Tangu hapo tunabishana: wahamishwe wote au waachwe wote? Mimi naona ubishi huo unamweka mtoto wa miaka 12 na kijana wa miaka 15 kapu moja, ilhali shule wanayoiona si moja.

Wazazi waliofurahia uamuzi ule wana hoja nzito. Mtoto wa Gredi ya 7 analala kwao, na akirudi amenyong'onyea mama anajua jioni hiyohiyo. Baada ya moto wa shule ya Hillside Endarasha kule Nyeri, uliowaua wavulana 21 bwenini Septemba 2024, hakuna mzazi anayehitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Godoro, sanduku na nauli za kila muhula navyo si mzigo mdogo. Isitoshe, mtoto huyu anawajua walimu na kila kona ya uwanja. Somo likiwa gumu, angalau mazingira hayamtishi.

Akifika Gredi ya 9 hali ni nyingine kabisa. Mvulana mrefu anakunja magoti chini ya dawati la mtoto. Msichana aliyekwisha kuvunja ungo anapanga foleni ya choo na watoto wa Gredi ya 3, wakati mwingine bila maji wala mlango unaofungika. Maabara, katika shule nyingi, hakuna. Sayansi Jumuishi inafundishwa kwa mchoro ubaoni, pengine na mwalimu aliyesomea historia, kwa kuwa ndiye aliyepo. Mwaka 2024 walimu vibarua walipogoma wakidai ajira ya kudumu, madarasa ya sekondari msingi, wakati huo Gredi ya 7 na ya 8, ndiyo yaliyokaa bila mtu wa kuyafundisha.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba kijana huyo anatakiwa kuchagua mkondo wa sekondari ya juu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Atajuaje kama anaipenda kemia, hajawahi kuona kitu kikibadilika rangi ndani ya chupa? Akiikwepa sayansi tutasema hana kipaji.

Watetezi wa mpango huu watataja pesa: sekondari msingi imetengewa ruzuku ya shilingi 15,042 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na shule ya msingi shilingi 1,420. Ni kweli, ingawa kutengewa na kufikiwa ni mambo mawili. Hata zikifika zote, shule yenye wanafunzi 40 wa Gredi ya 9 haiwezi kujenga maabara kwa fedha hizo. Wadogo nao wanapunguziwa nafasi ya kuchezea kila darasa jipya linapoinuliwa uwanjani.

Sasa tazama upande wa pili wa ua. Sekondari za zamani zilikuwa na vidato vinne. Sekondari ya juu ina madarasa matatu tu, Gredi ya 10 hadi ya 12, kwa hiyo nafasi inabaki. Mwaka 2025 hakukuwa na Kidato cha Kwanza, lakini mwaka huohuo serikali ilikuwa mbioni kujenga madarasa ya Gredi ya 9 katika shule za msingi. Palipo na sekondari ya kutwa karibu, Gredi ya 9 ihamie huko, wasome mchana na kurudi nyumbani. Penye umbali mrefu wabaki, ila wapewe siku maalumu za kutumia maabara ya jirani, na usafiri ulipwe kutoka kwenye ruzuku yao. Gredi ya 7 na ya 8 sioni sababu ya kuwasumbua.